GB 212 za nini? Kuweka historia ya uhariri wa picha ndani ya Git

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuko watatu kwenye studio ndogo hapa Mwanza, tunapiga harusi, kipaimara na mahafali. Wawili tunahariri kwa darktable, mwenzetu anatumia Lightroom. Nilipojifunza Git, ile programu ya kutunza matoleo ya faili, nikaona dawa imepatikana: kila badiliko lina kumbukumbu yake, ukikosea unarudi nyuma. Tukaingiza kila kitu, faili ghafi za kamera, XMP (vifaili vya maelekezo ya uhariri), katalogi ya Lightroom, hata TIFF tunazotoa kwa ajili ya albamu. Sasa ni mwezi wa saba, ripo (hifadhi yetu ya Git) imefika GB 212, kuisukuma kwenye seva ni usiku kucha na bando linakata katikati. Mbaya zaidi, juzi bibi harusi mmoja alitaka picha ziwe kama tulivyomwonyesha mara ya kwanza. Nikarudi kwenye komiti (toleo lililohifadhiwa) ya siku ile, nikafungua programu, picha ni zilezile za sasa. Uhariri usioharibu picha, unaoandika maelekezo tu bila kugusa faili ghafi, si ulitakiwa uwe mwepesi? Tunakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja: ripo kunenepa, na picha kukataa kurudi. Naanza na unene, maana hesabu yake unaweza kuipiga hata kwa kidole mchangani.

Chukua kamera ya megapikseli 24, yaani 6000 kwa 4000. Faili ghafi yake moja ni kama MB 28. Ukiitoa kuwa TIFF ya biti 16, kila pikseli ina rangi tatu na kila rangi inakula baiti mbili: milioni 24 mara 3 mara 2, ni MB 144 kwa picha moja. Sasa tuseme mmerudi kutoka harusini na picha 1,000. Ghafi zake ni GB 28. Picha 100 zimeingia kwenye albamu, na albamu imetolewa mara tatu kabla mama wa bibi harusi hajaridhika: TIFF 300, GB 43.2. Jumla GB 71.2. Harusi tatu kubwa za namna hiyo ni GB 213 na ushee. Sijaiona studio yenu, lakini namba hiyo na yako zimepishana kidogo mno.

Na uhariri wenyewe je? XMP ya darktable kwa picha ya kawaida huwa KB 8 hivi. Picha 1,000 ni MB 8. Kazi yote ya macho na mikono yenu kwa harusi nzima inaenea kwenye nafasi ya nyimbo mbili za MP3. Kwa hiyo hukukosea kuamini kwamba uhariri huu ni mwepesi. Fundi cherehani anatunza daftari la vipimo: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mteja akirudi mwakani anafungua daftari, anakata kitambaa upya. Ninyi mnatunza kabatini kila gauni mlilowahi kushona, pamoja na kila marekebisho yake, na vitambaa vya akiba juu yake.

Kuna jambo moja kuhusu Git ambalo wengi wanalipokea vibaya, nami nililipokea vibaya kwa miaka. Tunadhani Git inahifadhi tofauti kati ya toleo na toleo. Sivyo. Kila unapokomiti, faili iliyobadilika inahifadhiwa nzima kama ilivyo, imebanwa kwa zlib, na jina lake ni heshi ya yaliyomo, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo yenyewe. Tofauti zinakuja baadaye, Git inapofungasha vitu vyake kwenye pakiti: hapo ndipo inalinganisha faili zinazofanana na kuandika moja kama marekebisho ya nyingine. Kwa maandishi ufungashaji huu ni wa ajabu. XMP kumi za picha moja, zilizopishana mstari mmoja mmoja, zinakuwa kama moja na nusu. Kwa picha iliyobanwa haufui dafu. Ongeza mwangaza wa picha nzima kidogo tu, uitoe tena kuwa JPEG, na karibu kila baiti imehama mahali pake. Git ikilinganisha inaona wageni wawili wasiojuana. TIFF isiyobanwa nayo ni vilevile, kwa sababu badiliko la mwangaza linagusa namba ya kila pikseli.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: ndani ya Git yaingie maelekezo tu. Mimi siandiki orodha ya vitu vya kukataa, kwa sababu siku moja mtu ataleta aina ya faili usiyoitarajia. Nakataa vyote, kisha naruhusu vichache, kwenye faili ya `.gitignore`:

```
*
!*/
!*.xmp
!.gitignore
!.gitattributes
!orodha.sha256
```

Hiyo `orodha.sha256` ndiyo kamba inayofunga maelekezo na picha yake. Usiidharau. Majina ya faili za kamera yana tarakimu nne: ikifika DSC_9999 inarudi DSC_0001 bila kukuuliza. Miaka fulani nilikuwa na folda mbili zilizokutana kwenye diski moja, harusi na msiba, zote zina DSC_0412. Nilipohamisha XMP kwa kufuata jina, picha ya keki ikajikuta imekatwa kwa vipimo vya picha ya jeneza, tena nyeusi na nyeupe. Niliigundua kabla mteja hajaiona, nashukuru. Tangu hapo, kila kadi ikimwagwa, jambo la kwanza ni hili (NEF ni faili ghafi za Nikon):

```
sha256sum *.NEF > orodha.sha256
```

Kila picha inapata mstari wenye heshi na jina lake, baiti 80 hivi; picha 1,000 ni KB 80. Ukitaka kuhakikisha kwamba ghafi zilizoko kwenye diski ya nje ndizo zilezile, unaendesha `sha256sum -c orodha.sha256` na kusubiri. Angalizo moja: programu yoyote inayoandika ndani ya faili ghafi, iwe kusahihisha saa ya kamera au kuweka nyota, itabadilisha heshi hiyo ingawa pikseli hazijaguswa. Ndiyo maana ghafi naziwekea ruhusa ya kusoma tu. Kama hali hairuhusu, exiftool inaweza kukupa heshi ya data ya picha peke yake, bila maelezo yanayoizunguka, kwa `-ImageDataHash`.

Hapa watu wa DNG, muundo wa faili ghafi wa Adobe, wana mtihani wao. Kwa NEF au CR3 (ghafi za Canon), Lightroom inaandika XMP pembeni. Kwa DNG inaandika XMP ndani ya faili yenyewe. Ukisogeza kitelezi kimoja na XMP ikaandikwa, faili ya MB 28 imebadilika, na kwa Git hiyo ni faili mpya nzima. Kama mna mazoea ya kugeuza kila kitu kuwa DNG, kwa kazi hii yaacheni.

Ghafi zenyewe zikae wapi? Mahali pa nakala rudufu, kwa chombo cha nakala rudufu. Napenda restic, na Borg ni ndugu yake. Vyote viwili vinakata faili vipande kwa kufuata yaliyomo badala ya vipimo vya rula. Ni kama kukata muwa penye pingili: ukiunganisha kipande kipya upande wa shina, pingili za mbele zinabaki palepale zilipokuwa. Kwa restic kipande ni MB 1 hivi kwa wastani, kisichozidi 8, kwa hiyo hata ile DNG sumbufu ikibadilika kichwani, kinachosafiri mtandaoni ni kipande kimoja au viwili. Kwa bando la Mwanza hiyo si tofauti ndogo.

Najua utaniuliza kuhusu Git LFS, kiongezi cha Git cha faili kubwa. Inafanya kazi: ndani ya ripo kinabaki kijikaratasi cha mistari mitatu chenye heshi na ukubwa, faili yenyewe inakaa kwenye seva ya pembeni. Lakini LFS haitunzi tofauti. Toleo tatu za albamu ya TIFF 100 bado ni GB 43.2, zimehamishwa chumba tu. Kwa ghafi zisizobadilika kamwe LFS inatosha, ila utalipia nafasi. Kwa TIFF na JPEG za kutoa, sioni haja ya kuzipa historia hata kidogo. Zinatolewa upya wakati wowote ukiwa na ghafi, XMP na programu ileile. Kwa watu wenye diski za nje nyingi wasiojua ziko kwa nani, git-annex ya Joey Hess ni nzuri kuliko LFS, maana inakumbuka picha fulani iko kwenye diski ipi na inakataa kufuta nakala ya mwisho. Kwenye Windows lakini inasumbua, nakutahadharisha.

Sasa tuingie ndani ya XMP, maana hapo ndipo ufundi ulipo.

Fungua XMP ya darktable kwa kihariri cha maandishi. Utaona orodha ya hatua, kila hatua ina jina la moduli (chombo kimoja cha uhariri), toleo la moduli hiyo, na mfuatano wa herufi na tarakimu unaoonekana kama uchawi. Si uchawi. Ni namba za vitelezi zilizoandikwa kwa heksa (tarakimu za msingi wa 16). Mwangaza wa 0.5 unaonekana `0000003f`. Ukiusogeza hadi 0.7 unakuwa `3333333f`. Git inaona mistari michache tu imebadilika, na kwenye pakiti badiliko hilo linakula baiti chache mno. Safi kabisa.

Lakini endelea kushuka chini utakutana na mifuatano mirefu inayoanza na `gz`. Hiyo ni namba zilizobanwa kisha zikaandikwa kwa herufi. Darktable kwa kawaida inabana hatua kubwa ili XMP iwe ndogo, na ukitazama faili moja moja ina haki. Ukitazama historia, inaharibu. Ukihamisha nodi (pointi) moja ya maski, ile inayochagua sehemu ya picha, mfuatano wote unaweza kuandikika upya, na Git haina cha kulinganisha. Kwenye mapendeleo ya darktable, sehemu ya hifadhi, kuna chaguo la kubana XMP: liweke lisibane kabisa. Faili moja moja itanenepa, ripo itapungua. Kubana ni kazi ya Git, nayo inaifanya vizuri zaidi inapoziona faili zote kwa pamoja. Kanuni hii ina maana hata nje ya picha: kitu kikishabanwa kabla hakijafika kwa Git, Git imefungwa mikono.

Maski zinastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndizo zinazotofautisha uhariri mwepesi na mzito. Darktable inachora maski kwa maumbo: duara, njia, brashi. Kinachohifadhiwa ni nodi za umbo, si pikseli. Mchirizi wa brashi wenye nodi 200, kila nodi ikiwa na namba kama kumi za baiti nne, ni baiti 8,000 hivi. Maski hiyohiyo ukiihifadhi kama picha ya kijivu ya biti 8 kwa ukubwa kamili ni MB 24 kabla ya kubanwa. Maski ya vigezo, ile ya "chagua kila chenye kijani hiki mpaka kile", ni namba chache tu. Kwa hiyo ukiwa na njia mbili za kufika palepale, chagua ya vigezo kwanza, kisha ya maumbo. Brashi ndefu iwe ya mwisho. Mwenzangu mmoja anapaka brashi kama anapaka ukuta chokaa, XMP zake utazijua kwa uzito.

Ikibidi pikseli zihifadhiwe, mathalani umetengeneza ngozi ya uso kwa mkono kwenye programu nyingine, usihifadhi picha nzima. Hili ni kwa anayejiandikia chombo chake, nalo hesabu yake inavutia. Kata picha vigae vya pikseli 256 kwa 256. Picha ya 6000 kwa 4000 inatoa vigae 24 kwa 16, jumla 384. Uso wa bibi harusi kwenye picha ya watu wengi unagusa vigae 12 tu. Kila kigae cha biti 16 ni KB 393, kumi na viwili ni MB 4.7, badala ya MB 144. Kila kigae kipe jina la heshi yake, na kwenye maelekezo andika tu "mahali hapa weka kigae hiki". Vigae 372 visivyoguswa havihifadhiwi popote, vinatoka kwenye ghafi. Ukirekebisha tena shavu moja, vigae viwili vipya vinaongezeka, kumi vya zamani vinabaki na majina yao. Maski nayo inaweza kupunguzwa: kingo zake mara nyingi zimelainishwa, ukiihifadhi kwa robo ya upana na robo ya urefu inashuka kutoka MB 24 hadi 1.5, na baada ya PNG hushuka zaidi kwa sababu sehemu kubwa ni nyeusi tupu au nyeupe tupu.

Kwa Photoshop nina ushauri mmoja tu. Ukifungua ghafi kama kitu mahiri (Smart Object) kilichopachikwa, PSD inabeba nakala ya ghafi nzima tumboni. Tangu 2014 kuna aina iliyounganishwa, inayoelekeza kwenye faili ya nje. Tumia hiyo, na PSD yenyewe usiiingize kwenye Git, ipeleke kwa restic.

Kuna taka ndogo inayokera: mihuri ya saa. Lightroom inaandika upya `xmp:MetadataDate` kila inapohifadhi, na darktable ina saa zake za kubadilisha na kutoa picha. Mtu anafungua folda, haharibu wala hatengenezi kitu, Git inamwambia faili 300 zimebadilika. Baada ya wiki mbili hakuna tena anayesoma orodha ya mabadiliko, na hapo ndipo kosa la kweli linapopita. Dawa ni kichujio cha kusafisha kabla ya kukomiti. Kiini chake ni mstari huu wa sed:

```
sed -E 's/(xmp:MetadataDate|darktable:(change|export)_timestamp)="[^"]*"//g'
```

Uweke kama `filter.safisha.clean` kwenye mipangilio ya Git, na kwenye `.gitattributes` andika `*.xmp filter=safisha -merge`. Mipangilio ya kichujio haisafiri na ripo, kwa hiyo kila mmoja wenu watatu aiweke kwenye kompyuta yake. Asiyeiweka mtamjua siku hiyohiyo.

Hilo neno `-merge` mwishoni linaiambia Git isijaribu kuunganisha XMP mbili peke yake. Watu wananibishia hapa, wanasema kuunganisha ndiyo raha ya Git. Kwa msimbo sawa. Kwa picha, hebu tazama: wewe umeona picha ni ya giza, umeongeza mwangaza. Mwenzako ameona giza hilohilo, yeye amenyanyua mkunjo wa toni. Mistari ni tofauti, Git haioni mgongano wowote, inaunganisha kwa furaha, na shela ya bibi harusi inageuka karatasi nyeupe isiyo na uzi. Wote wawili mlikuwa sahihi, na matokeo ni mabaya. Isitoshe, darktable inahesabu hatua kwa mpangilio, na mpangilio uliochanganywa hauna maana. Gawaneni picha, si folda moja watu wawili. Mkitaka matoleo mawili ya picha moja, tengenezeni nakala ndani ya darktable, itazaa `DSC_0412_01.NEF.xmp` pembeni ya ya kwanza, ghafi ikibaki moja.

Na programu mbili ndani ya kazi moja ni shida nyingine. Lightroom inaandika `DSC_0412.xmp`, darktable inaandika `DSC_0412.NEF.xmp`. Hazigongani kwa jina, lakini maelekezo ya moja hayatafsiriki kwa nyingine isipokuwa vipande. Harusi moja, programu moja, na toleo lake liandikwe. Moduli za darktable zina namba za toleo, na programu mpya inajua kusoma maelekezo ya zamani na kuyapandisha; ya zamani haijui kusoma mapya. Mmoja akisasisha kabla ya wenzake na kukomiti, wengine wawili wamefungiwa nje. Sasisheni siku moja, kati ya kazi na kazi. Lightroom nayo ina kitu kama hicho: ile 2012 unayoiona kwenye `crs:Exposure2012` ni mwaka wa kanuni za uchakataji zilizokileta kitelezi hicho.

Tuje kwa bibi harusi.

Uliporudi kwenye komiti ya zamani, Git ilifanya kazi yake: XMP za siku ile zilirudi kwenye folda. Programu haikuzisoma. Darktable na Lightroom zote zina hifadhidata zao, za SQLite, na picha ikishaingizwa humo, hifadhidata ndiyo inayosikilizwa kwanza. XMP kwao ni barua ya kutoka zaidi kuliko ya kuingia. Kwenye darktable, washa chaguo la kutafuta XMP zilizosasishwa wakati wa kuanza. Git inaporudisha faili inaipa saa ya sasa, kwa hiyo darktable itaona ni mpya kuliko ilichonacho na kukuuliza uchukue ipi. Au chagua picha na upakie faili ya pembeni kwa mkono. Kwenye Lightroom, chagua picha kisha uiamuru isome metadata kutoka kwenye faili.

Swali ninalokuuliza mimi sasa: picha za huyo bibi harusi zilihaririwa na nani? Kama ni ninyi wa darktable, fanya nilivyosema, zitarudi. Kama ni mwenzenu wa Lightroom, kuna mtego: kwa kawaida Lightroom haiandiki XMP yenyewe, mpaka uweke alama kwenye mipangilio ya katalogi kwamba iandike kila badiliko. Kama hakuwahi kuiweka, XMP za siku ile ni tupu au za zamani, na uhariri wake wote ulikuwa ndani ya `.lrcat`, yaani katalogi, peke yake. Nakala pepe (matoleo ya ziada ya picha ndani ya katalogi) anazotengeneza haziandikwi kwenye XMP kabisa, hata alama ikiwepo.

Katalogi ni kitu nisichotaka kukiona ndani ya Git. Ni hifadhidata inayobadilika ukiifungua tu, na ukiinakili programu ikiwa wazi unaweza kupata maiti. Lakini kwa kuwa ninyi mliiingiza, safari hii inaweza kuwaokoa. Itoe ilivyokuwa siku ile:

```
git show KOMITI:studio.lrcat > zamani.lrcat
```

Weka heshi ya komiti mahali pa neno KOMITI, na njia ya folda kama ilivyo kwenu. Ifungue kama katalogi tofauti, usiiweke juu ya ile ya sasa. Ikifunguka, chagua picha zake zote na uamuru metadata iandikwe kwenye faili. Hapo XMP za kweli zitazaliwa, na hizo ndizo za kukomiti.

Fanya hivyo kwa harusi zote za mwenzenu kabla hujagusa kitu kingine. Baada ya hapo ndipo usafi. Kufuta TIFF na kukomiti hakupunguzi hata MB moja, kwa sababu historia bado inazibeba. Inabidi kuiandika upya kwa git filter-repo. Nakili ripo nzima kwenye diski ya nje, na hakikisha kwa `sha256sum -c` kwamba kila ghafi iko mahali pawili nje ya Git. Kisha, kwenye nakala mpya uliyoiklona (`git clone`), endesha:

```
git filter-repo --path-glob '*.xmp' --path-glob '*orodha.sha256' --path .gitattributes --path .gitignore
```

Hiyo inabakiza mlivyovitaja na kutupa vingine vyote kutoka komiti ya kwanza. Heshi zote za komiti zitabadilika, kwa hiyo wenzako waklone upya, wasisukume ripo zao za zamani juu yake, la sivyo zile GB zitarudi mlango wa nyuma. Kwa hesabu yetu ya juu, harusi tatu za XMP pamoja na historia yake zitakuwa makumi ya MB. Itapanda hata kwa bando la siku.

Ile diski yenye nakala ya GB 212 usiifute. Iandike tarehe kwa kalamu ya maki, iweke kabatini mpaka albamu ya bibi harusi imekabidhiwa na mama yake amenyamaza.